Nilimshukuru Shemeji kwa Kumwoshea Kibuyu cha Marehemu

Kosa ni langu. Naanza na hilo kabisa, ili mtu asije akafika mwisho akauliza, "Sasa hapo nani alikosea?" Nilikosea mimi. Mtu mzima, fundi seremala wa hapa Mwisenge, Musoma, baba wa watoto wanne, mzee wa kanisa, mwenye akili timamu. Hilo la akili timamu mke wangu siku hizi analibishia.

Jina langu naomba mlifiche. Sio kwamba itasaidia sana. Kuanzia Butiama mpaka Mugeta stori wanayo, na jina jipya wameshanipa. Wananiita Fundi Dagaa. Subirini, mtajua kwa nini.

Nilikuwa na rafiki anaitwa Manyama. Tulikutana ujanani, tulipopanga chumba kimoja Bunda mjini. Mimi najifunza useremala, yeye ndio kwanza ameajiriwa bwana mifugo. Mimi ni mtu wa ziwani, nimekulia furu na dagaa. Yeye kwao Butiama, mtu wa ng'ombe. Alikuwaga ananiambia nanuka samaki, namjibu na wewe unanuka zizi, tunacheka, tunalala. Urafiki wetu wote uliota hapo.

Manyama alizunguka na baiskeli miaka na miaka, Butiama yote, Nyamuswa, mpaka Mugeta kule, anachanja ng'ombe za watu. Kila boma alilofika walimpa maziwa, na hakutaka kikombe cha mtu. Alikuwa na kibuyu chake, anakining'iniza begani kwa ukanda wa ngozi. "Nitilieni humu," anasema. "Maziwa ya kwenye plastiki ni maji meupe tu." Mimi kibuyu hicho sikuwahi kukiangalia mara mbili. Mimi mtu wa chai ya rangi.

Akaugua. Akanitumia salamu. "Mwambieni Fundi aje tunywe maziwa." Nikasema wiki ijayo. Nilikuwa na oda ya viti vya ukumbi, jamani, viti vingi! Akatuma tena. Nikasema nikimaliza viti. Akatuma mara ya tatu. Nikasema Jumamosi.

Jumamosi hiyo nikapigiwa simu kwamba Manyama ameshaondoka.

Sasa sikilizeni upuuzi wa mwanadamu. Mtu akiwa hai sikuwa na nusu siku ya kumwona. Alipokufa nikapata siku mbili nzima za kumtengenezea jeneza! Nikalipiga msasa, nikalipaka vanishi mikono mitatu, likawa linang'aa mpaka unajiona sura. Msibani watu wakasifia. "Fundi, hii kazi!" Nami nikaitikia kwa kichwa, eti nimemlipa rafiki yangu.

Mwaka na miezi ukapita. Mjane wake, shemeji yangu, pamoja na binti yao Nyangi, wakafungua makumbusho. Msifikirie jengo kubwa la kioo. Ni vyumba viwili vya Manyama pale pale nyumbani, wamevipaka chokaa, wakapanga vitu vyake. Wafugaji ndio walioomba. Walisema mtu aliyeponya ng'ombe zao hawezi kubaki kaburi tu. Shemeji akanipigia: "Na wewe njoo uone. Rafiki yake utakuwa wa mwisho?"

Nikaenda. Safari hii sikuwa na viti.

Alinitembeza mwenyewe. Baiskeli ile ile, tairi zimepasuka. Buti za mpira. Bomba la sindano kubwa mpaka nikasisimka. Madaftari aliyoandika majina ya ng'ombe za watu, sio ya watu, ya ng'ombe! Mimi naitikia, "Aisee. Aisee." Mwanaume wa Mara halii mbele ya shemeji yake.

Mwisho tukafika kwenye kibuyu. Kimening'inia kwenye msumari, cheusi tii, kina mafuta mafuta kwa kushikwa. Shemeji akakitungua. Akafungua kifuniko kidogo, akaweka pua, akafumba macho, uso ukakunjamana. Halafu akafunika haraka haraka.

Hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kazi ya kuniangamiza. Nikajisemea: Masikini! Kibuyu kinanuka, na shemeji anaona aibu mbele ya mgeni.

Tukala ugali na kuku. Wakati naaga, akaingia chumba cha makumbusho, akakawia kidogo, akatoka na kibuyu kile kile kimejaa maziwa.

"Shemeji," akasema, "tangu afariki sijamtilia mtu humu. Ila mwenyewe aliagiza. Alisema Fundi akija, hata akichelewa, mpe maziwa kwenye kibuyu changu. Beba. Utakirudisha."

Hata akichelewa! Nilipokea kwa mikono miwili. Nikapanda boda mpaka kwenye gari, nimekipakata kibuyu njia nzima, na moyoni naapa: mama huyu lazima nimshukuru vizuri. Asante ya mdomo haitoshi. Nitamfanyia kitu ambacho hatasahau.

Kweli bwana, hajasahau!

Nyumbani nilikuwa peke yangu. Mke wangu alikuwa kwa dada yake Nyamuswa, amekwenda kumsaidia palizi ya pamba. Mke wangu amezaliwa kwenye ng'ombe. Angekuwepo siku hiyo, ungamo hili msingelisoma.

Nikamimina maziwa kwenye glasi. Nikaona vidoadoa vyeusi vinaelea. Nikaonja, moshi mtupu! Nikasema, ahaa, ndio maana shemeji alikunja uso. Kibuyu kimeingia masizi, hakuna wa kukisafisha, mwenyewe amekufa. Kazi yangu hii hapa nimeipata.

Nikachemsha maji. Nikatia sabuni ya unga, vikombe viwili. Nikatia na kokoto, nikatikisa, nikatikisa, maji yanatoka meusi kama ya kuzimia mkaa. Nikamwaga, nikarudia. Mara nne! Mara ya tano nikatia dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Maji yakatoka safi. Nikachungulia ndani kwa tochi ya simu, nikaona kumekuwa kweupe, nikapiga makofi mwenyewe. Nikanusa. Hakuna harufu hata kidogo. Nilifurahi, jamani! Nilifurahi mimi mjinga.

Mngedhani niliishia hapo. Wapi! Mimi ni fundi, na fundi akishika kitu hajui kukiacha. Nje kibuyu bado kilikuwa cheusi. Nikachukua msasa wa kukwaruza, halafu wa kulainisha. Alama zote za vidole na jasho la miaka thelathini zikatoka, vumbi lake nikalifagia likaenda na takataka za randa. Nikapaka vanishi mikono miwili. Ukanda wa ngozi niliuona umechakaa, nikautupa, nikafunga kamba mpya ya nailoni, ya bluu.

Halafu nikachukua rangi nyekundu, nikaandika kwa herufi kubwa zenye kivuli, zile ninazoandikia mabango ya maduka: SHUKRANI KWA SHEMEJI.

Nikakiweka mezani, nikarudi nyuma hatua tatu kukiangalia. Nikaona Manyama angenionea fahari.

Likabaki jambo moja. Kwetu chombo cha watu hakirudi kitupu. Ukipewa kitu kwenye bakuli, bakuli unalirudisha na kitu. Mama yangu alitufundisha hivyo kwa fimbo. Sasa mtu wa ziwani atarudisha nini? Nikaenda mwaloni, mitumbwi inakoshusha samaki, nikachagua dagaa, wale wakavu wazuri wa kung'aa, wasio na mchanga. Mdomo wa kibuyu ni mwembamba, kwa hiyo niliwaingiza wachache wachache kwa kidole, nikagongagonga, nikajaza mpaka juu, nikafunika.

Dagaa. Kwenye kibuyu cha maziwa. Cha mfugaji. Niliyefanya hayo nilikuwa macho kabisa na sikuwa nimekunywa kitu!

Siku ya kurudisha nilivaa suti. Kibuyu nimekifunga kwenye kitenge kipya, nacho ni zawadi ya shemeji. Nafika Butiama, nakuta nyumba ina wageni. Wazee wafugaji wanne kutoka Mugeta, na fimbo zao, wamekuja kumwona Manyama wao. Shemeji anawatembeza. Wamefika kwenye msumari mtupu.

"Na hapa," shemeji anawaambia, "ndipo panapokaa kile kibuyu. Nimemwazima rafiki yake." Akageuka, akaniona mlangoni. "Ee, Mungu mkubwa! Huyu hapa anakileta."

Wazee wakafurahi. Mmoja, Mzee Machota, akasema, "Nimekitilia maziwa kibuyu hicho mara nisizojua idadi. Hebu nikione."

Nikasema ngoja kwanza. Jamani, nikatoa hotuba! Nikawasalimia kwa jina la Bwana. Nikasema mgeni mwenye adabu haondoki hivi hivi, na rafiki wa kweli hata marehemu humtunzia mali yake. Nikasema, shemeji, pokea. Nikafungua kitenge taratibu, kama mtu anafunua jiwe la msingi.

Kuku alikuwa anaparua nje, namsikia.

Mzee Machota akasogea, akainama. "Hiki ni nini?"

"Kibuyu, mzee."

"Cha nani?"

"Cha Manyama."

Akanitazama mimi, akatazama kibuyu, akanitazama mimi tena. "Hapana," akasema. "Cha Manyama nakijua mimi."

Mzee mwingine akawa anasoma maandishi kwa sauti, polepole, "Shu-kra-ni kwa she-me-ji," halafu akakohoa, na kile kikohozi chake nilijua ni kicheko kimekwama.

Shemeji alikipokea. Akafungua kifuniko kidogo, kama siku ile, akaweka pua, akafumba macho.

Nilimwona anafungua macho. Sitaki hata kuyakumbuka yale macho. Akainamisha kibuyu, dagaa wawili wakamwangukia mkononi.

"Asante, shemeji," akasema taratibu. "Karibu chai."

Akaweka kibuyu mezani, akatoka kwa mlango wa nyuma kwenda jikoni. Chai haikuja.

Wazee wakawa wanaangalia buti za mpira kwa bidii sana. Mimi nimesimama na suti yangu. Nyangi akanishika mkono, akanitoa nje.

"Baba mdogo," akaniambia, "ulikiosha?"

"Nilikiosha mwanangu, vizuri sana. Kilikuwa na moshi, mama yako mwenyewe niliona anakunja uso."

Nyangi akaangalia chini. "Ule moshi baba ndio alikuwa anauweka. Kila Jumamosi. Anachoma kijiti, anakiingiza ndani, anasugua, ndio maziwa yanakuwa matamu. Hakuna mwingine aliruhusiwa, hata mama. Tangu afe, mama anakifungua kila asubuhi, anavuta kidogo, anafunika. Anafunika haraka ili harufu isiishe. Nguo za baba zote zimeshaisha harufu. Kilikuwa kimebaki hicho tu."

Mungu wangu!

Ndugu zangu, nimewahi kujikata kidole na msumeno. Sikuumia vile.

Kumbe mama yule hakukunja uso kwa aibu. Alikuwa anazuia machozi! Na Nyangi akaniambia jambo jingine, sijui kwa nini aliniambia, labda alikuwa na hasira na alikuwa na haki. Akasema kabla sijafika mama yake alikaa siku tatu anafikiria kama anitilie maziwa au asinitilie, aliogopa harufu itapungua. Mwisho akasema, "Mume wangu aliagiza, nitatii."

Nilirudi Musoma sijui hata niliaga vipi. Nilimwachia shemeji kitenge, kibuyu nikakiomba nikarekebishe. Mzee Machota akasema, "Ukirekebishe tena?" Nikakibeba hivyo hivyo, abiria wote wananusa dagaa, wanageuka kuniangalia.

Kesho yake nikamfuata mke wangu Nyamuswa. Nilimkuta shambani. Nikamweleza yote, mwanzo mpaka mwisho, yeye ameegemea jembe. Nilipofika kwenye kokoto akaanza kutikisika. Kwenye herufi zenye kivuli akakaa chini. Kwenye dagaa akalala kabisa kwenye matuta, anacheka, anashika tumbo, dada yake anauliza kuna nini.

Nilipofika kwenye maneno ya Nyangi akaacha kucheka. Akainuka, akakaa, akasema, "Mume wangu, umemwosha marehemu mara ya pili."

Nililia pale pale kwenye pamba ya watu. Kilio cha msibani ambacho sikulia, cha salamu tatu ambazo sikuziitikia, chote kilitokea pale. Shemeji zangu wa Nyamuswa sasa wananijua kama mtu aliyelilia kibuyu.

Mke wangu akanifundisha. Kwanza kutoa vanishi. Halafu kufukiza. Akaniambia kila mwanaume ana mkono wake, kuna miti yake na kiasi chake, na Manyama alitumia mti gani hakuna ajuaye ila waliokuwa wakimwona. Basi nikapanda boda mpaka Mugeta, kwa Mzee Machota, nikapiga magoti mbele ya yule mzee na utu uzima wangu. Akaniangalia sana. "Fundi Dagaa," akasema, na jina likaanzia hapo. Ila alinionyesha mti. Akasema pia anakumbuka Manyama alichanganyaga na mwingine, ila huo marehemu aliuficha.

Jumamosi ya kwanza niliunguza kidole na nusu ya nyusi. Nikapeleka. Shemeji akanusa. "Sio yeye," akasema. "Hii ni nyama choma."

Ya pili. "Sio yeye."

Ya tatu akatingisha kichwa kabla hata hajafunika. Ila siku hiyo chai ililetwa. Tukakaa, akaniuliza habari za Bunda, chumba tulichopanga, Manyama alikuwaje kijana. Nikamwambia vitu alivyokuwa havijui. Nikamwambia kuhusu kunuka samaki na kunuka zizi. Akacheka! Akacheka mpaka Nyangi akachungulia.

Nikawa naenda hivyo, Jumamosi kwa Jumamosi. Oda zinalala. Mteja mmoja akanipigia kwa ukali, viti vyangu vipi, nikamwambia nikirudi Butiama. Nilishangaa mdomo wangu ulivyolisema kirahisi. Kumbe ilikuwa inawezekana! Kumbe miaka yote gari za Butiama zilikuwepo.

Juzi ilikuwa mara ya nane. Nilichanganya miti miwili, wa pili nimeubahatisha tu. Shemeji akafungua kidogo, akaweka pua. Akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu, mpaka nikaogopa kupumua.

"Sio yeye," akasema. Halafu akanusa tena. "Lakini anayekifukiza anamjua."

Akaingia nacho jikoni. Akatoka nacho kimejaa maziwa.

Nikashtuka. Nikamwambia, "Shemeji, mimi tena? Sasa safari hii nikirudishe na nini?"

"Usiweke kitu," akasema. "Wewe njoo nacho tu."

Ninapoandika haya kiko hapa mezani. Maziwa nimeshakunywa, na vile vidoadoa vyeusi nimemeza vyote. Nimekisuuza kwa maji ya uvuguvugu basi. Sabuni mke wangu ameifungia kabatini na ufunguo anatembea nao. Ule wekundu haukutoka wote, ukikigeuza kwenye mwanga bado unaona herufi nne za mwanzo, SHUK. Nilitaka kukwaruza, shemeji akakataa. Wageni wakiuliza anawaambia, "Hapo fundi mmoja wa Musoma alikuwa ananishukuru."

Basi na nyie mnaosoma, nawaonya. Mkipewa chombo cha watu, kabla hamjakishika na sabuni, ulizeni. Mtu akikunja uso, msimtafsirie, ulizeni. Na wewe mwenye rafiki anayekutumia salamu njoo tunywe maziwa, acha hivyo viti. Vitangoja. Mimi jeneza langu lilisifiwa na kijiji kizima, ila mwenyewe aliyelala ndani alikuwa ananingoja kwenye kibuyu.

Jumamosi naenda tena, nikishakifukiza kwanza.